Picha za Wadudu wa Nyumbani

Watu wakisikia kwamba waalimu wawili, watu wazima wenye jamaa zao, hutumia siku za mapumziko kupiga picha za mende na kunguni, hucheka. Nasi hatuwalaumu, maana hata sisi tulianza kwa mchezo. Walakini katika mchezo huo tumejifunza mambo mengi, na jambo moja limetutia haya. Tumeona yafaa tuyaandike yote, mafundisho na haya yetu, ili mwenzetu atakayependa kushika kazi hii asijikwae mahali tulipojikwaa sisi.

Mmoja wetu hufundisha Handeni, upande wa Chanika, nchi ya mahindi na jua kali. Mwenziwe hufundisha Korogwe, karibu na mto wa Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani. Tulisoma pamoja zamani, na tangu hapo ni desturi yetu kutembeleana wakati wa likizo. Basi kila tusemapo “sisi” katika habari hii, msomaji ajue ya kuwa ni hao wawili, na kosa la mmoja ni kosa la wote.

Chanzo chake kilikuwa hivi. Siku moja katika somo la viumbe tuliwaagiza watoto wachore mdudu yeyote wa nyumbani kwao, kwa kumkumbuka tu, pasipo kumtazama. Tulipokusanya madaftari tuliona ajabu. Mende mmoja alikuwa na miguu minne kama mbuzi, mbu mmoja alikuwa na meno, na buibui karibu wote walikuwa na miguu sita. Tulicheka, tukasahihisha kwa wino mwekundu. Jioni tulipokuwa tukinywa chai, mmoja wetu akamwuliza mwenziwe, “Na papasi je, ana miguu mingapi?” Huyu akajibu sita, yule akasema minane, wala hapana aliyekuwa na hakika. Tumelelewa katika nyumba zenye papasi, tumeumwa na papasi, tumewasikia wazee wakiwaonya wageni juu ya papasi, na miguu yake hatukuijua! Ndipo tulipofahamu ya kuwa wino mwekundu ulistahili kutiwa katika daftari zetu wenyewe.

Iko mithali isemayo, Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi twaitumia juu ya watu tu, kama rafiki asiye mwaminifu au ndugu mwenye hila. Twasahau ya kuwa maneno yenyewe ni ya kweli kabisa juu ya nguo, na mshono, na mdudu aliyejificha ndani ya mshono. Mwenye kutaka kujua kimlacho hana budi kuivua nguo na kuitazama penye mwanga. Tukasema, na tutazame.

Picha zetu za kwanza hazikufaa kitu. Simu ya mkononi peke yake haiwezi kumwona mdudu mdogo, maana ukiisogeza karibu mno picha yote huwa ukungu. Mende alionekana kama tende iliyokanyagwa, na sisimizi kama doa la wino. Ikatupasa kutafuta kioo cha kukuzia, yaani kile kilichovimba katikati. Tulikipata kimoja katika darubini ya mchezo ya mtoto iliyovunjika, tukakifunga kwa utepe wa gundi mbele ya jicho la simu. Mara tukaona ulimwengu mwingine. Miguu ya mende ina miiba kama ya mkonge, na jicho la nzi si jicho moja, bali ni vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kama masega ya nyuki.

Lakini kioo kile kina masharti yake. Huona vyema kitu kilicho mbali kwa kipimo kimoja tu. Kilicho mbele kidogo au nyuma kidogo hupotea katika ukungu. Kwa hiyo mpiga picha hujifunza kuegemeza viwiko vyake mezani, na kuzuia pumzi, na kusogea kwa upana wa unyuzi. Hujifunza pia kungoja. Asubuhi mapema, kungali na baridi, wadudu huwa wazito, nao hutulia. Mchana wa jua la Handeni hakuna atakayekungojea. Mwanga bora ni wa dirishani, pembeni, si wa tochi usoni, kwa sababu maganda ya wadudu hung’aa kama sufuria mpya na kuficha alama zake.

Tena tuliona ni lazima kuweka kanuni. Kila mdudu huwekwa juu ya sahani nyeupe. Kando yake twaweka punje ya mchele, au rula, ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Hupigwa picha tatu, ya mgongo, ya ubavu na ya tumbo, naye hugeuzwa kwa mwiba wa mdimu. Halafu twaandika mahali alipopatikana, saa na siku. Picha isiyo na maandiko hayo ni kama barua isiyo na jina la aliyeiandika.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka wa 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alichapisha kitabu cha vitu alivyovitazama kwa hadubini. Zamani zile hapakuwa na picha za kupigwa, naye alichora kwa mkono. Alimchora kiroboto mkubwa hata ukurasa wake ukawa wa kukunjua, na pia chawa akishika unywele. Watu waliokuwa wakijikuna kila siku walistaajabu kumwona aliyekuwa akiwakuna. Jirani zetu hasa wa Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, wamekaa na wataalamu wa wadudu tangu chuo cha uchunguzi kilipoanzishwa na Wadachi mwaka wa 1902. Na Korogwe yenyewe ina maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo imeshughulika sana na malaria. Basi tumeishi katikati ya watu waliotazama kwa bidii, nasi tulikuwa tukipita njia.

Sasa tuseme tuliyoyaona. Tuanze na mbu, maana Korogwe mbu ni mwenyeji kuliko mwenye nyumba. Zamani tulidhani mbu ni mbu. Tulipoanza kumpiga picha ukutani usiku kwa mwanga wa taa, tuliona wako wa namna mbili. Wa kwanza hukaa kama kibyongo, mwili wake umelala sambamba na ukuta. Wa pili huinua nyuma yake juu, kichwa kikielekea chini, kama msumari uliopigwa mshazari. Huyu wa pili ndiye anofelesi, na katika jamii yake ndimo wamo wachukuzi wa malaria. Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria katika tumbo la anofelesi huko India mwaka wa 1897. Hata viluwiluwi vyao hutofautiana. Vya mbu wa kwanza huning’inia kichwa chini, na mrija wa kuvutia hewa juu. Vya anofelesi havina mrija, hulala sawasawa chini ya uso wa maji kama vijiti vinavyoelea. Mtoto wa darasa la nne aliyeziona picha zile mbili alikwenda kutazama pipa la maji la kwao na kidimbwi cha nyuma ya nyumba, akarudi akatuambia, “Mwalimu, katika pipa wananing’inia, katika kidimbwi wamelala.” Siku hiyo kidimbwi kilifukiwa, kabla hatujasema neno. Pipa nalo likapata kifuniko. Chandarua tulikuwa tumekihubiri miaka mingi. Picha mbili zilifanya mtu akisogeze kitanda chake na kuchomeka pindo zake chini ya godoro.

Kuhusu papasi, tulimpata katika nyumba ya zamani ya udongo upande wa Handeni, ndani ya ufa wa ukuta, karibu na kitanda. Tazama jinsi mithali nyingine ilivyo kweli: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Papasi hukaa katika ufa huo mchana kutwa, akatoka usiku, akanyonya kwa muda mfupi na kurudi kwake kabla aliyelala hajaamka. Aweza kukaa miaka bila kula, akimngojea mtu. Kwa juu afanana na kipande cha ngozi kuukuu iliyokunjamana, wala huoni kichwa. Ukimgeuza ndipo uonapo kinywa, kimefichwa chini ya mwili. Na miguu ni minane! Kumbe si mdudu halisi, bali ni wa ukoo wa kupe na buibui. Aliyesema minane alishinda, na aliyesema sita alinunua sukari ya mwezi ule.

Mnyama huyu mdogo amewaua watu wakubwa. Mwaka wa 1905 daktari mmoja kijana, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akichunguza homa ya papasi huko Kongo ya mashariki, aliugua homa ile ile, akafa Kasongo. Mwaka huo huo Robert Koch, mtaalamu wa Kidachi, alikuwa katika nchi yetu akiichunguza homa hiyo hiyo. Aliona ya kuwa vijidudu vyake huingia hata katika mayai ya papasi, hivyo watoto huzaliwa nayo kama urithi. Tulipowasomea watoto habari hii huku picha ya papasi ipo mbele yao, hapakuwa na kicheko. Wengi walikwenda kwao wakachimba udongo na kuziba nyufa za kuta.

Tumefika sasa penye haya yetu. Hatutasema ni yupi kati yetu aliyetenda, wala hatutaitaja shule.

Mtoto mmoja alikuwa akisinzia darasani kila siku. Alipoulizwa alisema halali usiku kwa sababu ya kuumwa. Alikaa na bibi yake. Mwalimu akaenda, akapiga hodi, akamsalimu, “Shikamoo, bibi.” Bibi akaitikia, “Marahaba, mwanangu, karibu ndani.” Alipoeleza haja yake, bibi hakuficha neno. Alikunjua matandiko, akageuza godoro, na katika mshono wake walikuwapo kunguni, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao meupe, na madoa meusi ya uchafu wao. Mwalimu akapiga picha pale pale palipo na wadudu, akafurahi, maana zilitoka vizuri kupita zote za nyuma. Akashukuru, akaenda zake.

Wiki ile picha moja ilikuzwa, ikabandikwa ubaoni. Ilionyesha kunguni watano wa umri mbalimbali, na somo lilikuwa zuri: jinsi kunguni anavyojivua ganda mara tano kabla ya kuwa mtu mzima, na kila mara hana budi kunywa damu kwanza, jinsi alivyo bapa kama mbegu ya tikiti hata aweze kuingia ufa mwembamba, jinsi asivyojulikana kuchukua ugonjwa kutoka mtu hata mtu, walakini huiba usingizi, na mtoto asiye na usingizi hasomi. Tulikuwa tumeeleza hayo yote, mara mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, “Hilo shuka ni la kina fulani!” Tukatazama. Pembeni mwa picha, ndani ya ukungu kidogo, lilionekana pindo la shuka lenye maua mekundu, ambalo kila aliyepita uani kwa bibi yule alikuwa ameliona likianikwa. Darasa zima likacheka. Mtoto mwenyewe hakulia. Aliinama, akafunga daftari lake polepole, na kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, wala siku ya tatu.

Siku ya nne mwalimu akarudi kwa bibi. Alipokelewa kwa heshima ile ile, akapewa kigoda. Bibi hakupandisha sauti. Alisema, “Mwalimu, mimi nilimfungulia mlango mtu mmoja, kumbe uliingia na shule nzima.”

Maneno hayo tumeyachukua mpaka leo. Tulikuwa tukimtazama mdudu kwa bidii kiasi cha kuhesabu miguu yake, na mtu mwenye nyumba hatukumwona. Kioo chetu kilikuwa kikiona vyema kwa kipimo kimoja tu, na utu wa bibi yule ulikuwa katika ukungu, pembeni mwa picha. Wala tusiseme ni bahati mbaya. Ajuaye kuweka punje ya mchele kando ya mdudu aweza pia kukumbuka kuondoa shuka.

Tulishauriana tufanyeje. Kuomba radhi kwa maneno tuliomba, lakini kicheko kilikuwa kimetokea mbele ya watoto, na dawa yake ilipaswa kutolewa papo hapo. Basi tulikwenda kupekua nyumba zetu wenyewe, za waalimu, zenye sakafu ya saruji na mapazia. Mmoja alipata kunguni katika maungio ya kiti chake cha kusomea. Mwingine alipata mende nyuma ya sanduku la vitabu, na chungu wakila gundi ya kamusi. Tuliwapiga picha wote juu ya sahani nyeupe, tukazibandika ubaoni, tukawaambia watoto, “Hawa wametoka katika kiti cha mwalimu wenu.” Kwanza walinyamaza, kisha wakacheka sana, nasi tukacheka pamoja nao. Mmoja akauliza, “Mwalimu, nawe huumwa?” Tukajibu, “Hatulali!” Siku ya pili mtoto wa bibi alirudi. Alikuta darasa likichemsha maji ya kumwagia kiti cha mwalimu, akachukua birika akawasaidia.

Tangu siku hiyo tuna kanuni tatu kuliko zile za kwanza. Picha za kwanza za kila mdudu hutoka nyumbani kwetu. Mdudu wa nyumba ya mtu huletwa katika kisanduku cha kiberiti, akapigwa picha juu ya sahani, wala si kitandani. Na maandiko ya picha hutaja mji na mahali pa namna gani, kama “ufa wa ukuta” au “mshono wa godoro”, lakini jina la mwenye nyumba halitajwi wala halionyeshwi. Umaskini huonekana kwa urahisi katika picha. Mapambano ya mtu na umaskini wake hayaonekani.

Haikuisha hapo. Baada ya mavuno mtoto yule yule alituletea kisanduku cha kiberiti, akasema, “Bibi anawasalimu. Amesema hawa mwapige picha, lakini dari yake msiipige.” Tukacheka, tukafungua. Ndani mlikuwa na unga mwingi kama wa kinu, na vijidudu vyeusi vyenye wekundu kidogo, urefu wake haufiki nusu ya punje ya mchele. Tulitazama mara moja tukasema, “Ah, fukusi.” Bibi alikuwa amekwisha sema hivyo pia, akawa amenunua dawa ya fukusi, akanyunyiza juu ya magunzi yenye mahindi yaliyokuwa darini, walakini unga ulizidi kumwagika chini kama mvua ya vumbi.

Kwa kuwa tulikuwa na desturi, tuliwaweka sahanini na kuwapiga picha tatu. Ndipo tuliposituka. Fukusi ana pua ndefu iliyopinda, mfano wa mkonga wa tembo, na mgongoni mwake mara nyingi huonekana madoa manne mekundumekundu. Hawa hawakuwa na pua. Kichwa kilikuwa kimeinama chini ya kifua, kama mtu aliyejifunika kofia hata macho. Miili ilikuwa mviringo kama kipande cha penseli, na nyuma ilikuwa imekatwa wima, kana kwamba fundi ameikata kwa msumeno. Huyu si fukusi. Huyu ni dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Skania, kwa jina la lori kubwa.

Dumuzi si mwenyeji wa nchi hizi. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Katika Afrika alitambuliwa kwanza upande wa Tabora, mwaka wa 1981, kisha akaenea nchi nyingi, akisafiri ndani ya mahindi na mihogo mikavu, na hata ndani ya mbao, maana hutoboa mti pia. Hupenda mahindi yaliyo bado katika magunzi, kwa sababu punje hazichezi naye apata mahali pa kujikaza anapotoboa. Na dawa iwezayo kumwua fukusi haimwezi yeye sawasawa; ndiyo sababu wataalamu walichanganya dawa mbili, moja kwa fukusi na moja kwa dumuzi. Katika miaka ya 1990, kuanzia Togo na Kenya, waliletwa pia mbawakawa wadogo kutoka kwao dumuzi, ambao chakula chao ni dumuzi, wakaachiliwa wamwinde. Yote hayo yamo katika ujuzi wa mabwana shamba, lakini bwana shamba hawezi kumsaidia mtu aliyemwambia jina lisilo lake.

Tukampelekea picha bwana shamba kwa simu, akathibitisha siku ile ile. Jioni tulikwenda kwa bibi, safari hii simu ikiwa mfukoni. Tulimweleza, akasikiliza, akasema, “Basi nimekuwa nikimpiga mwizi mwingine.” Siku ya Jumamosi watoto wa darasa walikuja, bibi akawaruhusu waingie, wakateremsha mahindi, wakapukuchua, wakapepeta, wakaanika juani. Dari ikafagiwa, magunzi yakachomwa. Punje zilizo nzima zilitiwa dawa iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na nyingine zikatiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo mdudu afungiwapo ndani hukosa pumzi akafa. Hatusemi kwamba hakupata hasara. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuwa unga wa dumuzi, usiofaa hata kwa kuku. Lakini sehemu iliyobaki ilimfikisha hata mvua za pili, na mwaka ule Handeni hata debe moja la mahindi lilikuwa na maana.

Mara nyingi tumeyafikiri mambo haya mawili pamoja. Picha moja ilimfukuza mtoto shuleni, na picha nyingine iliokoa chakula chake. Simu ni ile ile, kioo ni kile kile, na mikono ni ile ile. Tofauti yake ni ndogo. Ya kwanza tulikwenda kuichukua kwa ajili ya somo letu. Ya pili tuliletewa na mwenyewe kwa ajili ya haja yake.

Tumejifunza pia kutowaua wote. Watoto wakiona mjusi kafiri ukutani hutafuta fagio, kwa sababu ya hadithi zinazosemwa juu yake. Tulimpiga picha usiku mmoja akiwa na mbu kinywani, mabawa yakining’inia nje, na picha hiyo imewaponya mijusi wengi wa Korogwe. Hali kadhalika buibui. Kando ya ziwa la Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, wataalamu wamegundua buibui mdogo arukaye ambaye hupenda kuwinda anofelesi aliyekwisha shiba damu kuliko windo jingine lolote. Huku kwetu hatuna huyo, lakini tuna wenziwe wengi, na tukitazama tando zao asubuhi twakuta mabawa ya adui zetu. Mtu asiyejua hupiga kila kitembeacho, naye huwaua walinzi wake pamoja na wezi.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wenzetu na wazazi waijaribu kazi hii. Haitaki fedha nyingi. Asiye na simu aweza kuchora kwa kalamu, maadamu atazame kwanza. Jambo kubwa si picha. Ni ule muda mtu anaokaa kimya akizuia pumzi mbele ya kitu alichokidharau. Kisichotazamwa hupewa jina lolote, na chenye jina lisilo lake hupigwa kwa fimbo isiyo yake. Tena anayetaka kutazama ya watu na aanzie katika kiti chake mwenyewe.

Bibi yule yu mzima, na shuka lake la maua mekundu lingali likianikwa uani. Mara ya mwisho tulipopita kumsalimu alitukaribisha ndani, akatuonyesha ukuta alioukandika upya, laini kama chungu, hauna ufa hata mmoja. Akasema, “Huu ukuta mwaweza kuupiga picha.” Tukaupiga, naye akasimama mbele yake na mjukuu wake. Picha hiyo hatukuibandika shuleni. Tulimpelekea yeye, naye ameitundika nyumbani mwake.